Moyo wa Askari

Katika vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyopigwa nchini Marekani tangu mwaka 1861 mpaka 1865, madaktari wa jeshi la Kaskazini walianza kupokea wagonjwa wa namna ambayo vitabu vyao havikuwaeleza. Hawakuwa na jeraha la risasi, wala mfupa uliovunjika, wala homa iliyokuwa ikiendelea. Walikuwa vijana ambao katikati ya mwendo au zamu walishikwa ghafla na moyo uliodunda kwa nguvu hata wakadhani kifua kitapasuka. Walisimama, wakakaa kando ya njia, wakapitwa na wenzao. Walipolazwa hospitali moyo ulitulia. Walipoinuka kitandani ukaanza tena. Kilichowatesa zaidi si kule kudunda peke yake, bali kungojea kudunda kwingine.

Aliyewachungua watu hao kwa subira kuliko wenzake alikuwa Jacob Mendes Da Costa, daktari wa Philadelphia. Alizaliwa mwaka 1833 katika kisiwa cha St. Thomas, kilichokuwa milki ya Denmark katika bahari ya Karibi. Alihitimu utabibu Philadelphia mwaka 1852, akaongeza elimu Paris na Vienna. Wagonjwa wa kwanza aliwaona mwaka 1862, baada ya jeshi kurudi kutoka mapigano ya rasi ya Virginia, na baadaye wengi walikusanywa kwake katika hospitali ya Turner's Lane. Makala yake ilitoka Januari 1871, vita ikiwa imekwisha zamani. Ilisimama juu ya habari za wagonjwa zaidi ya 300, na 200 kati yao aliwachambua kwa hesabu. Maradhi yao aliyapa jina ambalo kwa Kiswahili laweza kusemwa, moyo mwepesi wa kuchokozeka.

Maelezo yake yangali yanasomeka kwa faida. Mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka, mara nyingi yakipita 100 kwa dakika, nayo yalipungua upesi mgonjwa alipojilaza. Maumivu yalikuwa upande wa kushoto wa kifua, mahali ambapo ncha ya moyo hugonga. Shambulio moja liliweza kuchukua saa kadhaa. Kazi ndiyo iliyolileta zaidi, lakini halikungoja kazi: lilimjia mtu aliyelala kimya kitandani, likamkatisha usingizi. Wengi waliogopa kulalia ubavu wa kushoto, kwa kuwa katika ubavu huo waliusikia moyo wao ukigonga kama mgeni mlangoni. Kichwa kiliwazunguka, na usingizi wao ulijaa ndoto za kutisha. Da Costa alisikiliza vifua vyao mara kwa mara, na kwa walio wengi hakukuta vali iliyoharibika.

Akatafuta asili ya jambo. Zaidi ya theluthi moja ya wale 200 aliwaweka katika fungu la taabu za uwanjani, hasa mwendo mrefu. Fungu jingine, dogo kidogo kuliko hilo, walikuwa wametangulia kuugua kuhara. Waliosalia walitoka katika homa, majeraha na sababu nyinginezo. Katika hesabu hiyo alikuwa na haki kubwa kuliko aliyopewa na baadhi ya waliomfuata. Mtu aliyeharishwa kwa majuma, akapungukiwa na maji mwilini, kisha akavikwa shanta na bunduki na kuamriwa atembee kutwa, moyo wake una kila sababu ya kwenda mbio. Wako matabibu wa leo wanaodhani kwamba baadhi ya vijana wale walikuwa na kasoro ya mwili kushindwa kurekebisha mwendo wa damu mtu asimamapo, na ile habari ya mapigo kushuka wakilala yawapa nguvu ya kudhani hivyo. Da Costa aliwatibu kwa kitanda na kwa dijitalisi, dawa itokanayo na majani ya mmea, akaonya pia kwamba askari aliyetoka katika homa asirudishwe upesi kwenye mwendo. Onyo hilo la mwisho pengine ndilo lililookoa wengi.

Lakini katika orodha yake ya asili za maradhi, hofu haikupewa fungu lake. Alitaja kuhara, homa, jua, mizigo. Hakuuliza askari aliona nini siku ile moyo wake ulipoanza kumwendea hivyo. Ni vigumu kumlaumu. Katika jeshi lolote mtu aogopaye ana jina moja tu, nalo halitibiwi hospitali. Daktari aliyesema kwamba moyo wa kijana umechokozwa na kazi alimpa kijana huyo kitanda na heshima yake kwa pamoja. Shida ni kwamba alimpa na kitu cha tatu: aliondoka akiamini ana moyo mbovu.

Huko Uingereza mashaka ya namna hiyo yalikuwa yamekwisha kuwasumbua wakuu wa jeshi. Mwaka 1867 profesa wa utabibu wa jeshi huko Netley, W. C. Maclean, aliilaumu mikanda ya shanta iliyobana kifua. Mwaka 1870 daktari wa jeshi Arthur Myers akayashtaki pia mavazi yenye shingo ya kubana. Mikanda ikalegezwa. Mioyo haikutulia.

Hapa yafaa kusimama kidogo kwenye lugha, maana maneno ndiyo yaliyowapoteza njia madaktari wale. Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili. Moyo wadunda, wapwita, waenda mbio. Mtu ana jakamoyo, roho yake iko juu, ana kiherehere cha moyo, ijapokuwa neno hili la mwisho leo mitaani limebaki zaidi kwa mtu ajitiaye mbele katika mambo yasiyomhusu. Maneno hayo hayaipambanui nyama inayopiga na hofu inayoipigisha. Moyo huo huo ndio unaokufa mtu akatapo tamaa, ndio unaopigwa konde, ndio unaotiwa ndani ya mwenzake kwa maneno mema. Isidhaniwe kwamba wazee walioyatunga maneno hayo walikuwa matabibu waliojificha. Lililo hakika ni dogo zaidi: mtu asemaye kwa Kiswahili kwamba ana jakamoyo halazimiki kuchagua kati ya maradhi na woga. Askari wa Da Costa alilazimika, na daktari wake alimchagulia.

Kazi iliyofungua njia haikufanyika vitani. Ilifanyika Burnley, mji wa viwanda vya pamba kaskazini ya Uingereza, mikononi mwa daktari wa kawaida wa mtaani, James Mackenzie, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1853. Katika miaka yake ya mwanzo alimwona mwanamke kijana mwenye ugonjwa wa moyo akifa katika uchungu wa kuzaa, na yeye hakuwa ameitambua hatari mapema. Tangu siku hiyo akawa na swali moja: katika dalili zote za moyo, ni zipi zinazotangulia kifo, na ni zipi zisizo na maana? Swali hilo halijibiwi kwa kumtazama mgonjwa mara moja. Mackenzie alitengeneza chombo cha kuandika mapigo ya mishipa juu ya karatasi, akawafuata watu wale wale mwaka baada ya mwaka, mtu akiwa kijana, akioa, akizeeka.

Miongoni mwa mambo aliyoyafuata lilikuwamo pigo linalowahi. Moyo hupiga kabla ya zamu yake, hunyamaza kitambo kirefu kidogo kuliko kawaida, kisha hupiga kwa uzito kwa sababu katika kimya kile umejaa damu zaidi. Mwenyewe husikia kama moyo umejikwaa, au umesimama, kisha ukamrukia kooni. Madaktari wa siku hizo waliposikia mapigo yasiyo sawa walitikisa vichwa, wakamkataza mtu kazi, ngazi, hata ndoa. Mackenzie aliona katika karatasi zake kwamba watu wengi wenye pigo hilo, moyo wao ukiwa hauna kasoro nyingine, waliishi na kufanya kazi kama majirani zao. Yapo mapigo mengine yasiyo ya amani. Kuna moyo unaopiga bila utaratibu wowote, kuna vali iliyofungana kama ya yule mwanamke wa Burnley, na kuna shingo iliyovimba au damu iliyopungua inayouendesha moyo mbio. Kwa hiyo kupima hakuepukiki. Faida ya kazi ya Mackenzie ni kwamba daktari, akiisha kupima, aliweza kwa mara ya kwanza kusema neno "salama" kwa ushahidi.

Vita Kuu ya kwanza ilipozuka mwaka 1914, neno hilo lilihitajiwa na maelfu. Askari wa Uingereza walirudishwa kutoka Ufaransa na karatasi zilizoandikwa herufi tatu, D.A.H., yaani utendaji wa moyo uliovurugika. Herufi hizo hazikueleza kitu, lakini zilimfuata mtu kila alikokwenda. Mackenzie, aliyekuwa sasa daktari mashuhuri wa London, aliwapima mamia yao, akatangaza mwaka 1916 kwamba wenye ugonjwa wa moyo wenyewe walikuwa wachache tu. Mwaka huo huo ikafunguliwa hospitali ya moyo ya jeshi huko Hampstead, na mwaka 1917 ikahamishiwa Colchester. Mwenye kuongoza kazi yake ya uchunguzi alikuwa Thomas Lewis, mzaliwa wa Cardiff, kijana wa miaka 30 na kitu ambaye alikuwa amekwisha jipatia jina kwa elimu yake ya chombo cha umeme cha kuandika mwendo wa moyo.

Lewis alikuta wodi za watu waliolala. Walikuwa wameambiwa watulie, wasipande ngazi, wasijichoshe. Na kila siku chombo cha kusikilizia kiliwekwa kifuani mwao, na kila siku waliutazama uso wa daktari kuona kama umebadilika. Mtu aliyelazwa miezi mingi hudhoofika miguu na pumzi, na asimamapo moyo wake lazima uende mbio. Kwenda mbio kule kukamthibitishia kwamba ni mgonjwa kweli, naye akarudi kitandani. Hivyo tiba ilizaa dalili, na dalili ikaitetea tiba. Si haki kusema kwamba madaktari walikuwa wajinga. Walifanya kwa upole kile ambacho upole huelekea kufanya.

Lewis aliwaondoa vitandani. Aliwapanga katika madaraja ya mazoezi, toka mepesi yasiyozidi kunyoosha viungo mpaka magumu yaliyokaribia gwaride la kawaida, na kila mtu alipandishwa daraja kwa kadiri alivyostahimili. Mazoezi yalikuwa dawa na yalikuwa pia kipimo: kwa siku chache ilijulikana nani anaweza kurudi kazini, nani apewe kazi nyepesi, nani aachwe aende kwao. Katika kitabu chake cha mwaka 1918 alieleza jambo ambalo kila mgonjwa wa namna hii angefaa kuambiwa siku ya kwanza. Kutweta, moyo kudunda, kizunguzungu, jasho na uchovu wa askari hawa vilikuwa vitu vile vile vimpatavyo mtu mzima wa afya akimbiapo kupanda kilima. Tofauti ni kwamba kwao vilikuja baada ya jitihada ndogo. Kwa sababu hiyo aliita hali hiyo kwa jina la jitihada, wala hakuiita ugonjwa wa moyo. Alikazania pia kwamba sauti ya mvumo kifuani, ambayo ilikuwa imewaachisha kazi watu wengi, peke yake si ushahidi wa ubovu.

Hata hivyo Lewis naye aliizunguka hofu bila kuingia ndani yake. Aliwarudishia askari miguu. Kilichokuwa katika nafsi zao aliwaachia wengine. Wengine hao walikuwapo tangu zamani, maana huko Vienna mwaka 1895 Sigmund Freud alikuwa amekwisha kuandika kwamba moyo kudunda na kukosa pumzi ni miongoni mwa sura za ugonjwa wa wasiwasi. Lakini madaktari wa moyo na madaktari wa nafsi hawakuwa wakisoma vitabu vya wenzao. Vita ikaisha, na watu wengi wakarudi makwao na pensheni ya moyo ambao haukuwa na ugonjwa. Kila malipo yalikuwa pia barua ya kuwakumbusha kwamba serikali yawahesabu kuwa wagonjwa.

Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939, Waingereza hawakutaka kurudia. Wagonjwa wa jitihada walikusanywa Mill Hill, kaskazini ya London, katika majengo ya shule yaliyogeuzwa hospitali, na safari hii daktari wa moyo na madaktari wa nafsi waliwekwa chini ya paa moja. Daktari wa moyo alikuwa Paul Wood. Mwaka 1941 alitoa mihadhara iliyolimaliza shauri la miaka 70 kwa hukumu kali: dalili za Da Costa ni dalili za hofu. Aliwalinganisha wagonjwa wake na watu wa kawaida wenye wasiwasi, akaona ni wale wale. Akaonyesha pia mbegu ya hofu yenyewe ilivyopandwa: jamaa aliyekufa kwa moyo, neno lisilo la uangalifu la daktari, kupimwa mara nyingi mno. Wood alizidisha kidogo. Vijana wa Da Costa waliokaushwa na kuhara hawakuwa na wasiwasi tu, na hukumu moja haitoshi kwa watu wa vita tatu. Lakini kwa aliowaona yeye, ushahidi wake ulikuwa mzito.

Kujua kwamba ni hofu hakukuwa tiba. Askari aliyeambiwa "huna kitu, ni hofu tu" alisikia kwamba ameitwa mwoga, au mwongo, na moyo wake ukazidi kudunda. Hapo ndipo jambo la maana sana lilipotokea Mill Hill, na lilitokea karibu kwa bahati. Maxwell Jones, daktari wa nafsi aliyesimamia wagonjwa wapatao 100, alichoka kumweleza kila mtu peke yake mambo yale yale. Akawakusanya wote pamoja, akawafundisha kama darasa: moyo ni msuli wa namna gani, mishipa ya fahamu huuharakishaje, hofu humwaga nini katika damu, na kwa nini kifua huuma bila kuwa na jeraha. Maswali yakaanza. Baadaye waliokaa zaidi wakawa wanayajibu maswali ya wageni kabla daktari hajafungua kinywa. Askari aliyemwambia mwenzake, "Hata mimi nilidhani nakufa," alisikilizwa kuliko daktari, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumshuku kwamba hajui anenalo. Dalili hazikuondoka zote. Kilichobadilika ni jinsi walivyozipokea, na Jones alitoka hapo na fikira iliyoongoza maisha yake yote, kwamba wagonjwa wakaao pamoja wana uwezo wa kuponyana.

Kama mioyo hiyo ilikuwa salama kweli, muda ndio ungeamua, kama ulivyoamua Burnley. Mwaka 1950 madaktari wa Boston, miongoni mwao Paul White, walitangaza habari za wagonjwa 173 wa namna hii waliofuatwa kwa miaka 20. Hawakuonekana kufa mapema kuliko watu wengine, wala kuangukia ugonjwa wa moyo zaidi yao. Habari ya pili katika taarifa hiyo hutajwa mara chache, nayo ina uzito sawa na ya kwanza: waliopona kabisa, wasisikie tena kitu, walikuwa wachache. Walio wengi waliendelea kusikia mioyo yao, wakafanya kazi na kulea watoto hali wakiisikia.

Watu waliowatuliza wenye hofu hawakuwa wenyewe na mioyo mizima. Mackenzie aliugua maumivu ya moyo miaka mingi na kufa kwayo mwaka 1925. Lewis alipata shambulio la kwanza mwaka 1927, akafanya kazi miaka 18 zaidi mpaka moyo ulipomwua mwaka 1945. Wood naye alikufa kwa moyo mwaka 1962.

Mwaka huo huo wa 1962 kilitoka nchini Australia kitabu cha daktari wa kike, Claire Weekes, kwa ajili ya watu wenye mishipa ya fahamu iliyochoka. Weekes hakuanza na utabibu. Alikuwa mtaalamu wa wanyama aliyechungua mijusi wanaozaa watoto hai, na mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Sydney, mwaka 1930. Kabla ya hapo, akiwa kijana, aliambiwa kwa makosa kwamba ana kifua kikuu, akapelekwa katika nyumba ya wagonjwa hao akae na mawazo yake. Kifua kikuu hakikuwapo, lakini alitoka huko na moyo unaodunda ambao haukumwachilia. Aliyemfungulia ni rafiki aliyekuwa askari katika Vita Kuu ya kwanza. Alimweleza kwamba katika mahandaki moyo wao nao ulidunda hivyo hivyo, na kwamba wake unaendelea kwa sababu anauogopa. Hivyo maarifa ambayo madaktari walikuwa wakiyatafuta hospitalini kwa miaka 60 yalimfikia kwa mazungumzo ya rafiki mmoja.

Njia aliyoifundisha Weekes baadaye ilikuwa na hatua nne: mtu aielekee dalili asiikimbie, aikubali asishindane nayo, aipite kama mtu aeleaye juu ya maji asiyepigana na wimbi, kisha auachie muda ufanye kazi yake. Aliipambanua hofu ya kwanza, ile imjiayo mtu bila hiari kama umeme, na hofu ya pili, ile aiongezayo mwenyewe aambiapo nafsi yake, "Ole wangu, imekuja tena." Ya kwanza haizuiliki; ya pili ndiyo inayoweza kufundishwa kunyamaza. Madaktari wengi wa nafsi walimdharau kwa kuwa aliandika kwa maneno mepesi na hakuwa mmoja wao. Miaka 24 baada ya kitabu chake, mwanasaikolojia David Clark wa Oxford alieleza katika makala ya kitaalamu kwamba mashambulio ya hofu hukua pale mtu anapoifasiri vibaya dalili ya mwili, akiudhania moyo uendao mbio kuwa moyo ufao, na tiba iliyojengwa juu ya maelezo hayo ni miongoni mwa zilizothibitika zaidi katika uwanja huu.

Weekes aliishi mpaka mwaka 1990. Alipoulizwa kama yeye mwenyewe aliwahi kupatwa na mashambulio hayo alikiri kwamba ndiyo, na kwamba yalikuwa bado yakimjia, pengine usiku, yakamwamsha. Aliyemhoji alipotaka kumhurumia, alimkataza.